Sanamu Tano za Taya la Wamucii

Meno ya Mbarak hayachezi. Hilo lilikuwa neno la River Road kwa miaka ishirini na ushei, na aliyelipenda kuliko wote alikuwa Mbarak mwenyewe. Alikuwa na chumba kimoja orofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi, na mlangoni palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: FUNDI WA MENO YA BANDIA, DHAMANA YA MAISHA. Watu walipanda ngazi zile wakiwa wameziba midomo kwa leso, wakashuka wakicheka ovyo na kila waliyekutana naye, hata na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji.

Dhamana yenyewe haikuwa porojo za biashara. Kila mteja alipewa kadi ya manjano yenye jina lake na tarehe, na Mbarak alimsindikiza mpaka mlangoni akimwambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa, ambacho miaka thelathini ya Nairobi haikuweza kukichafua: "Yakikubana, rudi. Yakilegea, rudi. Mimi siuzi meno, nauza raha ya kinywa. Mpaka kaburini." Wateja walidhani anatania. Hakuwa akitania hata kidogo, na aliwatengenezea upya bila kinyongo hata wale waliokuwa wameyakalia meno yao kwenye kochi.

Ufundi alifunzwa na Mgoa mmoja wa Mombasa, mzee mkali aliyempiga vidole kwa rula kila alipokosea, na mzee huyo alimwachia kanuni moja tu. "Usibishane na kinywa," alimwambia. "Kinywa hakikosei. Anayekosea ni fundi." Maana yake ni kwamba mtu akirudi akilalamika meno yanamfinya, usimwambie ufizi wako ni mbaya. Mtie mdomoni ule uji mzito unaoganda kwa dakika mbili, chukua alama ya kinywa upya, mimina plasta upate sanamu ya taya lake, kisha pachika meno juu ya sanamu hiyo utafute kosa lako. Mbarak aliishika kanuni hiyo kama nguzo ya sita ya dini. Kila sanamu aliiandika jina na tarehe, akaipanga rafuni, wala hakutupa hata moja. Rafu zilizunguka chumba kizima, mataya meupe mia kadhaa yakitazamana. Fundi mvivu angekwangua tu kwa kukisia, akamrudisha mtu nyumbani. Pengine ingekuwa afadhali.

Waridi, mkewe, alimjua kuliko alivyojijua. Siku moja alimwambia akimkunia nazi: "Sijapata kuona mtu anayependa kukosea kama wewe, mume wangu. Unajitwika makosa hata yasiyo yako, mradi watu waseme Mbarak muungwana." Mbarak alicheka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kujitwika kosa lisilo lako ni starehe isiyomgharimu mtu chochote. Au ndivyo alivyodhani mpaka alipokuja kwake Wamucii wa Kangemi.

Wamucii alikuwa akiuza nafaka soko la Kangemi, mahindi na njahi na maharagwe, na jino ndilo lililokuwa kipimo chake. Lori likifika na magunia, aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje ya katikati, akaikata kwa magego. Punje kavu hulia na kupasuka mara mbili. Punje yenye maji hubonyea tu, na gunia la punje hizo litaota ukungu kabla ya mwezi kwisha. Wenzake sokoni walisimama nyuma yake wakingoja. Wamucii akitema, lori liliondoka na mzigo wake, na dereva akatukana mpaka Uthiru.

Lakini magego hayadumu kama miamba. Ya kulia, upande wa chini, yaling'olewa moja baada ya jingine, na la mwisho liliondoka mwaka 2003. Kushoto alibakiwa na mawili yaliyokuwa yakiuma. Januari ya 2004 alipanda ngazi za River Road na punje kumi za mahindi amezifunga kwenye leso. Mbarak alipomvalisha meno, Wamucii hakutaka kioo. Alifungua leso, akatia punje mdomoni, akakata. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye ngazi.

"Hii sasa ni meno," alisema.

"Hii ni dhamana," alisema Mbarak, akampa kadi. Sanamu ya taya lake, ya Januari, ikapanda rafuni. Lilikuwa taya zuri, mfupa mpana, ufizi uliolala sawa.

Mei alirudi. "Mzee, imeanza kunikaza hapa nyuma. Si sana. Tangu juzijuzi tu."

Mbarak alichukua alama, akamimina plasta, na sanamu ilipoganda akapitisha kidole juu yake akiwa amefumba macho, kama alivyofunzwa. Upande wa kulia, nyuma kabisa, palikuwa na kimwinuko cha ukubwa wa punje ya dengu ambacho Januari hakikuwapo. Aliona haya.

"Kitako changu, hii plastiki inayoshika meno, kimekufinya hapa, mama Nyawira," alisema, maana binti yake Wamucii aliitwa Nyawira. "Ufizi umevimba kwa sababu yangu. Nisamehe sana, kosa ni langu."

"Haina shida, mzee. Hata haiumi."

"Haiumi?"

"Haiumi. Inanifinya tu vile kiatu hufinya."

Sasa, ufizi uliochubuliwa na meno ya bandia huuma. Huuma mpaka mtu mzima akalia, huwa mwekundu, hutoka kidonda, na ukiyavua meno siku chache hupona. Hakuna mtu Nairobi nzima aliyeyajua hayo kuliko Mbarak. Lakini kanuni ilisema kinywa hakikosei, na Mbarak aliipenda kanuni kuliko macho yake. Alichukua tupa, akakwangua kitako cha plastiki mahali pale palipokutana na mwinuko, akapiga msasa, akang'arisha. Meno yakakaa kama yamezaliwa hapo. Wamucii aliondoka akimshukuru, na fundi akabaki akijisikia mtu mwema.

Agosti ilikuwa punje ya haragwe. Akakwangua. Novemba yalikuwa maharagwe mawili yaliyolala pamoja, na Wamucii akaeleza kwamba siku hizi anakata punje kwa meno ya mbele, na kwamba ameshanunua magunia sita yenye maji bila kujua. Wenzake walikuwa wameanza kununua bila kumngoja. Alilisema hilo kwa sauti ndogo kuliko alivyousema uvimbe. Mbarak aliona uchungu wa kweli. Alimwambia akae wiki mbili bila meno, ufizi upumzike. Wamucii alikaa wiki mbili, akinywa uji, na uvimbe haukushuka hata chembe. Hapo hata anayeuza misumari chini angejua kwamba meno hayahusiki, kwani mchokozi ameondoka na ugomvi umebaki. Mbarak aliwaza siku nzima, akaamua kuwa plastiki yenyewe ndiyo haimfai. Akamtengenezea kitako kipya cha plastiki ghali zaidi, bure, na kitako hicho akakichimbia shimo safi la kuupokea uvimbe. Ni kazi iliyomchukua siku tatu. Uvimbe ulikuwa umepata nyumba.

Februari ya 2005 ulikuwa kama ncha ya dole gumba, na nyumba ikawa haiutoshi hata baada ya Mbarak kuichimba zaidi.

Ni hapo tu ndipo Mbarak alipomtuma hospitali, na hata hapo hakumtuma hivi hivi. Aliteremka kwa mpiga chapa wa jirani, akachapisha barua kwenye karatasi yenye jina la duka lake, akaigonga muhuri, akaitia sahihi kwa kalamu ya wino. Ilisema: Kwa yeyote anayehusika. Uvimbe alio nao mama huyu umeletwa na kitako cha meno nilichokitengeneza mimi, ambacho kimemfinya kwa mwaka mzima. Nakiri kosa langu. Tafadhali ukateni, nami nitamtengenezea meno mapya kwa gharama yangu. Aliisoma mara mbili, akaridhika. Ilikuwa barua ya muungwana.

"Peleka hii," alimwambia Wamucii. "Isije ikawapotezea wakati kutafuta sababu."

Haikuwapotezea. Katika hospitali kubwa ya rufaa, idara ya meno, Wamucii alimkuta Daktari Nthiwa, kijana Mkamba aliyekuwa ameona wagonjwa arobaini tangu asubuhi na alikuwa na wengine thelathini kwenye benchi. Nthiwa alisoma barua, akatazama mdomo, akaona uvimbe laini, unaoteleza, wa rangi ya ufizi wenyewe, usio na kidonda wala damu. Akaukata juu juu, akautia kwenye kichupa cha dawa, na kwenye fomu ya maabara, pale panapoulizwa historia ya ugonjwa, akanakili maneno ya fundi: umeletwa na kufinywa na meno ya bandia. Maabara wakasoma fomu kabla ya kutazama darubini. Ukimwambia mtu kilichomo ndani ya kapu, atakiona hicho hicho. Jibu lilirudi baada ya siku kumi: nyama iliyoota kwa kufinywa, haina ubaya, mgonjwa aachishwe meno hayo.

Wamucii alipiga simu River Road kutoka kwa jamaa wa simu ya jamii. "Mzee, ni vile ulisema. Ni meno tu."

"Alhamdulillahi," alisema Mbarak. Jioni alimsimulia Waridi jinsi madaktari wa digrii walivyomuunga mkono yeye asiye na hata cheti. Waridi alimwuliza kama mama yule amepona. Mbarak akasema atapona, sababu ishajulikana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa na maabara.

Baada ya wiki sita uvimbe ulirudi, mkubwa kuliko uliokatwa, na mdomo wa chini upande wa kulia ukafa ganzi. Wamucii aligundua siku alipokunywa chai na ikamwagika kifuani bila yeye kujua. Nyawira, ambaye alikuwa karani katika shule moja ya chekechea huko Muthangari, aliomba ruhusa kazini, akamshika mama yake mkono mpaka hospitali. Nthiwa alipomgusa mdomo kwa sindano na akaona hashtuki, naye akafa ganzi kwa namna yake. Safari hii alichimba chini, mpaka karibu na mfupa, na kwenye fomu akaacha ile nafasi ya historia wazi. Jibu lilirudi upesi na lilikuwa fupi. Chembe ni nyembamba, ndefu, zimelala kwa mafungu. Si nyama ya kufinywa. Tunashuku saratani ya nyama laini. Aitwe profesa.

Profesa aliuliza swali moja tu: ilianza lini, na imekua kwa kasi gani. Wamucii alifikiri. Akasema, "Mimi siwezi kusema. Lakini iko kwa fundi. Ameiweka yote kwa rafu."

Nyawira akapanda ngazi za River Road mbio. Mbarak alizishusha sanamu tano, Januari, Mei, Agosti, Novemba, Februari, akazifunga moja moja kwa gazeti, akazipanga kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Alivaa kanzu safi na koti. Njiani alimwuliza Nyawira kama profesa ni mtu mkali. Hakumwuliza jingine.

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza ndefu, wanafunzi kumi na wawili wenye makoti meupe, na pembeni kiti cha mgonjwa ambapo Wamucii alikuwa ameketishwa na kitambaa cha mate shingoni. Profesa alizipanga sanamu mezani kwa tarehe. Hata mtu aliyetoka barabarani angeona kilichokuwapo mezani: taya, taya na dengu, taya na haragwe, taya na maharagwe mawili, taya na dole gumba. Profesa alitoa kifaa cha kupimia, akapima kila uvimbe akitaja kwa sauti, na mwanafunzi akaandika ubaoni. Milimita nne. Nane. Kumi na nne. Ishirini na mbili.

"Saratani nyingi za mdomo," aliwaambia, "huanzia kwenye ngozi ya juu. Huchubuka, hutoka damu, hunuka, na mtu huziona. Hii imeanzia chini, ndani ya nyama yenyewe. Kwa juu imevaa ufizi mzuri. Haiumi mpaka ifike kwenye mshipa wa fahamu. Mimi katika miaka ishirini nimeona tano. Ndiyo maana ukiambiwa ni meno, unaamini ni meno."

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mbele, msichana mwenye miwani, aligusa sanamu ya Mei. "Profesa, kama angekuja hapa?"

"Hapo tungetoa kipande cha ufizi na ganda la mfupa. Angerudi sokoni baada ya wiki mbili."

"Na hapa?" Agosti.

"Pia."

"Na sasa?"

Profesa alitupa jicho kwenye kiti, kisha akaendelea kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wasomi wakitaka kumficha mtu maiti yake mwenyewe. Wamucii alikuwa amefanya biashara na madereva, madalali na wenye hoteli kwa miaka thelathini. Neno la nusu ya taya alilielewa vizuri sana.

"Nani aliyetengeneza hizi?" aliuliza profesa, akiwa ameinua sanamu ya Januari karibu na dirisha.

"Mimi, daktari," alisema Mbarak kutoka mlangoni.

"Kazi safi. Safi sana. Tazameni huu ukingo hapa, tazameni alama ya mshipa. Nyinyi mko mwaka wa nne na hakuna awezaye hivi." Akamgeukia. "Mzee, huu ni ushahidi ambao sijapata kuuona. Ukuaji wa ugonjwa wenyewe, umeshikwa kwa plasta, hatua kwa hatua. Tungependa kubaki nazo za kufundishia."

Hapana haja ya kumfichia. Mbarak alifurahi. Maisha yake yote aliitwa fundi wa uchochoroni, na leo mwenye digrii tatu ameinua kazi yake dirishani mbele ya wanafunzi. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, na ndani ya furaha hiyo alisema, "Chukueni, daktari. Zote." Hakugeuka kutazama kiti cha pembeni. Kwa nini ageuke? Sanamu aliimimina yeye, plasta aliinunua yeye.

Kipande cha nyama kilipelekwa Afrika Kusini kupakwa rangi ambazo hapa hazikuwapo, ili ijulikane ni saratani ya aina gani hasa. Jibu lilichukua wiki tano. Wiki tano hizo Wamucii alikaa sokoni kwake Kangemi akiuza kwa kukisia, na uvimbe haukungoja posta. Jina lilipokuja lilikuwa refu, lilijaza mstari mzima, na halikubadilisha chochote. Agosti walimtoa nusu ya taya la chini, upande wa kulia, kuanzia kidevu mpaka chini ya sikio.

Mwezi huo huo Mbarak alipokea barua kutoka chuoni, yenye nembo na sahihi mbili, ikimshukuru kwa zawadi yake adhimu kwa elimu ya tiba. Aliipeleka kwa fundi wa fremu mtaa wa pili, akaitundika juu ya meza yake ya kazi. Waridi alikuja dukani siku moja, akaisoma, akatoka bila kunywa chai.

Wamucii alikuja Novemba, asubuhi, peke yake. Mbarak alimsikia kwenye ngazi kabla hajamwona, hatua moja, pumziko, hatua moja. Alipoingia alikuwa amejifunga kitambaa kutoka kichwani mpaka chini ya kidevu na ameshika leso mdomoni, kwa sababu mate hayakuwa na mahali pa kukaa. Upande wa kulia uso ulikuwa umeingia ndani.

Mbarak alikuwa ameiogopa siku hiyo na alikuwa ameiandalia hotuba. "Mama Nyawira, karibu, karibu sana. Wallahi nimekuwa nikikuombea. Sasa kuhusu meno, dhamana ipo pale pale, lakini meno yanahitaji mfupa wa kukalia, na kwa hali ya sasa..."

Wamucii alitikisa kichwa. Alipoanza kusema maneno yalitoka yamelowa na hayana ncha, mtu mwingine asingeambulia kitu. Lakini Mbarak alikuwa ameishi akisikiliza watu wanaosema na uji wa kuchukulia alama mdomoni, na alilielewa kila neno.

"Sitaki meno, mzee. Nataka ile ya kwanza. Ya January."

"Sanamu?"

"Ile taya walitoa hospitali walichoma. Niliuliza nesi, akaniambia wanachoma zote pamoja. Nikasema sawa, ingine iko ya plasta." Alifuta kidevu. "Mimi sikuwa mtu wa picha. Sikumbuki vile nilikuwa nakaa hapa. Nataka tu nishike."

Kosa la Mbarak ni kwamba macho yalimkimbilia ukutani. Wamucii aliyafuata. Alisogea karibu na fremu, akasoma polepole, kidole chake kikitembea juu ya kioo mpaka kikasimama.

"Zawadi," alisema.

"Walisema ni za kufundishia. Zitawasaidia watu wengine."

"Nilienda huko chuoni jana. Nilidhani labda umewaazima. Yule wa kuchunga kabati ni mtu mzuri, alinifungulia. Ziko nne. Wamezipiga namba. Akasema ya kwanza ilianguka kwa mkono ya mwanafunzi, wakafagia." Alisema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Nikafikiria, Mbarak hatupi kitu. Labda alibaki na ingine. Hukuniuliza, mzee. Nilikuwa nimekaa pale tu."

Hakuwa amebaki na nyingine. Alitazama rafu zake, mataya mia kadhaa ya watu wengine, na akatafuta kama mwendawazimu kitu cha kumpa. Kisha akakumbuka. "Meno yenyewe unayo? Yale ya mwisho?"

Wamucii alifungua mkoba, akayatoa yakiwa yamefungwa kwenye leso ile ile ya mahindi. Mbarak aliyapokea kwa mikono miwili. Bila shaka. Kitako cha meno ni chapa ya ufizi. Ukimimina plasta ndani yake, unapata ufizi. Alimwekea Wamucii kiti, akakoroga plasta, akapaka kitako mafuta, akamimina, akagonga gonga mezani povu litoke. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kama siku zote. Akamwahidi kwamba baada ya nusu saa atakuwa na taya lake.

Plasta ikiwa inaganda hupata joto. Mbarak alikuwa ameishika kiganjani, kama anavyoshika kila moja ili ajue wakati wa kuifungua, na joto lile lilipoanza kupanda ndipo alipokumbuka alichokifanya Novemba kwa siku tatu, na Februari akakiongeza. Alikumbuka tupa. Alikumbuka msasa. Alitamani plasta isigande, lakini ilikuwa plasta nzuri, hanunui nyingine.

"Tayari?" aliuliza Wamucii.

"Bado kidogo."

"Imetulia hiyo, mzee. Naona."

Akaifungua. Ilitoka bila kukwaruzika, nyeupe, nyororo: kipande cha ufizi, na juu yake, umelala ndani ya umbo lile alilouchongea kwa ustadi wake wote, uvimbe mzima, haukupungua hata unywele. Taya la Januari halikuwamo. Mkono wa Mbarak ulikuwa umelifuta, kidogo kidogo, kwa tupa, akiomba msamaha.

Wamucii aliichukua. Alipitisha kidole juu yake, polepole, mpaka kwenye mwinuko, na kidole kikabaki hapo.

"Hii naijua," alisema. "Hii ndiyo walichoma."

Aliirudisha mezani. Akatafuta tena ndani ya mkoba, akatoa kadi ya manjano, akaiweka juu ya sanamu, akaisawazisha isianguke. Mbarak alianza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba amekosa, kwamba anakiri. Alilisema vizuri, alikuwa amelizoea. Wamucii alimngoja amalize, kwa adabu, kama anavyongojwa mzee. Kisha akaziba mdomo kwa leso, akashuka ngazi hivyo hivyo alivyopanda.